Mwenye Wingu

Kuanzia mwishoni mwa Septemba, mtu aliyesimama Maganzo kando ya lami iendayo Mwanza huona mambo mawili kwa wakati mmoja. Chini, visulisuli vinatimua vumbi kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Juu, vijiwingu vyeupe vimetawanyika, kila kimoja na kivuli chake kinachotambaa juu ya mabua. Wengi wetu tumezoea kuviona kama vitu visivyojuana. Kisulisuli ni cha ardhini, na wapo wanaokikwepa wakiamini kimebeba jini. Wingu ni la Mungu. Kumbe ni jambo moja linaloonekana mara mbili. Ardhi ya mbuga, nyeusi, iliyopasukapasuka, imepigwa na jua tangu asubuhi. Hewa inayoigusa inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipanda kwa kujizungusha na kuzoa vumbi, tunaiona. Ikipanda bila vumbi hatuioni, ila mwewe anaijua, ndiyo maana anakunjua mabawa na kuzunguka juu bila kuyapiga hata mara moja. Ikifika juu vya kutosha tunaiona tena, safari hii ikiwa wingu.

Kinachotokea huko juu si fumbo. Hewa inayopanda inakutana na shinikizo dogo, inapanuka, na kupanuka kunaipoza: hupoteza karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja inayopanda. Inafika mahali ambapo haiwezi tena kuubeba mvuke ilioupakia chini, na mvuke unaanza kugeuka maji. Hata hapo maji hayajitengenezi kwenye uwazi mtupu. Yanatafuta kitu cha kushika, chembe ya vumbi, ya moshi, ya chumvi iliyopeperushwa kutoka baharini. John Aitken wa Scotland alilionyesha hilo miaka ya 1880 kwa majaribio ya hewa iliyochujwa vumbi: mvuke ulikuwepo, ukungu ukakataa kutokea. Usukuma wa Oktoba hauna shida ya chembe. Vumbi la barabara za vijijini, moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya kulima, jivu la matanuri ya matofali, vyote viko angani kwa wingi. Kinachokosekana ni mvuke.

Watu wa hali ya hewa wana hesabu ya haraka inayoeleza mengi kuhusu Maganzo. Chukua joto la hewa ya mchana, toa kiwango cha joto ambacho hewa hiyohiyo ingeanza kudondosha umande, kisha zidisha tofauti kwa mita 125. Jibu ni kimo ambapo kitako cha wingu kitaanzia. Tuseme mchana wa Oktoba una nyuzi 33 na umande ungeanza kwenye nyuzi 13: kitako cha wingu kiko mita 2,500 juu ya vichwa vyetu. Tuseme siku ya Machi yenye nyuzi 28, umande ukianzia kwenye 19: wingu linashuka hadi mita 1,125. Ndiyo maana mawingu ya kiangazi kinachoisha yako mbali, yana kitako kilichonyooka na tumbo jembamba, na hayana haraka. Mengine hunyesha kweli. Unaiona mvua ikining'inia chini ya wingu mithili ya ndevu, nayo haifiki ardhini. Matone yanaanguka kilomita mbili ndani ya hewa kavu na kuishia njiani. Sijui adhabu ya macho inayozidi hiyo kwa mtu aliyekwisha kununua mbegu.

Kuna jambo jingine kuhusu wingu ambalo ukilijua huwezi kulitazama kama zamani. Lile la kawaida la mchana, lenye upana, urefu na kimo cha kilomita moja moja, lina maji ya tani 500 hivi. Ni shehena ya malori kumi na sita au kumi na saba ya tani thelathini, yale yanayotupita usiku na mchana. Malori yote hayo yanaelea juu yetu, na hatuulizi kwa nini hayaanguki. Hayaanguki kwa sababu maji yake yamegawanyika katika vitone vya karibu sehemu mbili za mia za milimita, na kitone cha namna hiyo hushuka sentimita moja hivi kwa sekunde, taratibu kuliko hewa inayopanda kutoka chini. Ili lipatikane tone moja la mvua lenye unene wa milimita mbili, vitone vyapata milioni moja lazima viungane. Mawingu mengi hufa kabla ya kazi hiyo kwisha. Kila jioni ya Oktoba jua likipungua nguvu tunayaona yakikonda, yakichanika, yakiisha. Wanaosema mvua imetoroka wanakosea kidogo. Ilikuwa bado haijaumbwa.

*

Ungedhani kwamba tulivyo jirani na Ziwa Viktoria, mvuke usingekuwa tatizo. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800, ni bahari kwa kipimo chochote cha mwanadamu anayetembea kwa miguu, na kutoka Maganzo hadi kwenye maji ni karibu kilomita 100. Lakini ziwa lina tabia zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inaingia kushika nafasi. Usiku mambo hugeuka: upepo kutoka pande zote unaelekea ziwani, unakutana katikati, unakosa pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu ziwani ngurumo hulia usiku wa manane wakati nchi kavu imelala chini ya nyota. Wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku wa giza na taa, wamelipia maarifa hayo kwa maisha ya wenzao. Kuanzia mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na idara za hali ya hewa za nchi zinazozunguka ziwa ziliendesha mradi ulioitwa HIGHWAY, shabaha yake kubwa ikiwa kuwafikishia wavuvi hao onyo kabla hawajasukuma mtumbwi.

Ziwa pia lina upendeleo. Upepo mkuu wa ukanda huu unatoka mashariki, kwa hiyo mvuke mwingi unaotoka ziwani unapelekwa magharibi. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Wilaya yetu ya Kishapu hupata kati ya 600 na 800 hivi, na mwaka mbaya pungufu ya hapo. Sisi tuko upande ambao upepo unatoka, siyo unakokwenda. Siku chache katika msimu upepo hugeuka ukavuma kutoka magharibi, ukileta unyevu wa misitu ya Kongo, na siku hizo mawingu huja kutoka upande wa Kahama yakiwa yameshiba. Wazee hutazama upande huo.

Tena lipo suala la jua lenyewe. Jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba likienda kusini na karibu na tarehe 11 Machi likirudi. Ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa. Kwa hiyo kwenye ramani za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Shinyanga imewekwa pamoja na mikoa ya ukanda wa ziwa inayopata vuli na masika. Mkulima wa Kishapu hugawa mwaka wake kwa namna nyingine: ni msimu mmoja mrefu, toka Novemba hadi Aprili au Mei, wenye shimo katikati. Shimo hilo, la Januari au Februari, ndilo linaloamua kama mahindi yatafika au yatageuka malisho. Mtama na uwele huvumilia. Pamba huvumilia kwa manung'uniko. Dengu zina ujanja wao: hupandwa mwishoni, mvua zikiondoka, zikalishwa na unyevu uliobaki ndani ya udongo mweusi. Anayetaka kujua imani ya mtu wa huku juu ya mvua asimuulize maswali, aangalie alichokipanda.

*

Sasa taarifa ya redio. Ina mtindo wake ambao sote tunaweza kuuiga: mikoa ya Kagera, Geita, Mwanza, Mara, Simiyu na Shinyanga inatarajiwa kuwa na hali ya mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Kijiweni penye bodaboda na madalali wa almasi, taarifa hiyo hujadiliwa kesho yake kama matokeo ya mpira.

"Babu, hawa watu wa hali ya hewa wametudanganya tena. Mvua yao iko wapi?"

"Walisema maeneo machache. Wewe uliwasikia wakitaja Maganzo?"

"Hawakutaja."

"Basi imenyesha kwa wenzako, mjukuu wangu."

Na kweli mara nyingi imenyesha kwa wenzake. Wingu la ngurumo lina upana wa kilomita chache, mara nyingi chini ya kumi, na uhai wake hauzidi sana saa moja. Linaweza kuijaza mito ya upande wa Songwa na kuiacha Maganzo ikinusa harufu tu. Kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima huigawa ardhi katika miraba, na kwa nyingi mraba mmoja una kati ya kilomita 9 na 25 kila upande. Katika mraba mmoja kama huo Maganzo, mgodi wa Mwadui na mashamba ya vijiji vya jirani vyote vimo, na kompyuta inaviona kama kitu kimoja chenye joto moja na unyevu mmoja. Satelaiti ya Meteosat hupiga picha ya mawingu yetu kila baada ya dakika chache, na rada iliyopo Mwanza huona matone yenyewe yakisogea. Vyombo hivyo vinaweza kueleza wingu liko wapi sasa hivi na litakuwa wapi baada ya saa moja. Kusema jioni ya leo ni kisulisuli kipi kesho mchana kitafika mbali kikawa wingu la mvua, juu ya shamba gani, hakuna anayeweza, wala hatatokea hivi karibuni.

Mimi naona "maeneo machache" ni maneno ya kweli kuliko yote yanayosomwa kwenye redio kwa siku. Kosa la watabiri wetu liko kwingine, kwenye utabiri wa msimu. Namna unavyotengenezwa ni hivi: chukua mvua za miaka 30, zipange kutoka mwaka mkavu hadi mwaka wenye maji mengi, kata mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Fungu la chini ni chini ya wastani, la kati ni wastani, la juu ni juu ya wastani. Kisha wanatazama bahari. Joto la Pasifiki, na zaidi kwetu tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na wa mashariki wa Bahari ya Hindi, huegemeza mizani upande fulani. Mwaka 1961, 1997 na 2019 upande wetu wa bahari ulikuwa na joto kupita kawaida na Afrika Mashariki ikafurika. Baada ya mvua za 1961 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Lakini kuegemea ni kuegemea tu. Mwaka ambao fungu la chini limepewa nafasi kubwa, bado fungu la juu lina nafasi yake. Taarifa inapopita kwa msemaji, kwa mwandishi wa habari, kwa mwenyekiti wa kitongoji, nafasi hizo zinang'oka njiani moja baada ya nyingine, na inayofika Maganzo ni hukumu: mwaka huu hakuna mvua.

Hili linanisikitisha hasa kwa sababu Maganzo ndiyo ingestahili kuelezwa nafasi hizo kwa ukamilifu. Hapa watu wameishi na bahati nasibu tangu John Williamson alipoigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Tani 100 za mwamba ule hutoa karati chache ambazo hazifiki gramu mbili. Mbeshi, yaani mchimbaji asiye na kibali anayeruka uzio wa mgodi usiku, na mwenzake mwenye kibali anayechekecha kokoto mchana, wote wanajua kwa mikono maana ya kutafuta kitu ambacho huenda kipo na huenda hakipo. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri utawaona watu wameinama kwenye makorongo, wakitafuta kilichofunuliwa na maji. Mwambie mtu wa namna hiyo kwamba kuna nafasi nne kati ya kumi za mvua haba, tatu za wastani na tatu za mvua nyingi, atakuelewa kuliko mwanafunzi wa chuo. Tofauti ni kwamba mchimbaji akikosa anahamisha chekeche. Shamba halihami.

Hata hivyo wakulima wana hesabu zao. Wapo wanaopanda mtama kwenye vumbi kabla ya tone la kwanza, robo ya shamba, wakaacha sehemu nyingine ingoje mvua ishike. Wapo wenye jaruba la mpunga bondeni na kipande cha uwele kwenye mwinuko, ili mwaka wowote utakaokuja ukute kimojawapo kiko tayari. Hawajawahi kuona mafungu matatu ya miaka kumi kumi, na wala hawayahitaji sana.

*

Lakini kuna swali la zamani kuliko utabiri, nalo ni nani mwenye wingu. Katika Usukuma wa kale ntemi, yaani mtawala wa jadi, aliwajibika kwa mvua. Alikuwa na waganga wake wa mvua, na ukame ulipozidi aliweza kung'olewa kwenye kiti. Ukitafakari, mpango ule ulikuwa na jambo moja la maana: aliyeulizwa kuhusu mvua aliishi chini ya anga lilelile na waliomuuliza, akala mtama uleule. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Swali lenyewe halikufutwa.

Wala si Wasukuma peke yao waliolishikilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Kongwa, mahali ambapo serikali ya Uingereza ilikuwa imeteketeza mamilioni ya pauni kwenye karanga zilizokataa kuota kwa uhaba wa mvua na ugumu wa udongo, D. A. Davies, mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, na wenzake walirusha maputo yenye baruti na chumvi yapasukie ndani ya mawingu. Fikra ilikuwa sahihi kisayansi: chumvi huvuta maji, vitone vinanenepa haraka. Ila mvua ikinyesha utajuaje kwamba isingenyesha yenyewe? Ni shida ileile aliyokuwa nayo mganga wa ntemi, pengine mganga akiwa na nafuu kidogo kwa kuwa hakutakiwa kuandika ripoti. Davies baadaye aliliongoza Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukame wa 2006 ulipokausha bwawa la umeme la Mtera na kutuweka gizani, Waziri Mkuu Edward Lowassa alizungumzia kuleta kutoka Thailand utaalamu wa kutengeneza mvua. Nchi nzima ikacheka. Nadhani tulicheka kwa sababu tulimtambua: alikuwa ntemi, akifanya kazi ya ntemi.

Upande wa pili wa swali hili hauchekeshi. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti alioufanya Meatu, wakati huo ikiwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Alilinganisha mvua na mauaji kijiji kwa kijiji. Miaka ya mvua iliyopindukia, ama ukame ama mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walitoka katika ukoo wao. Miguel anaamini kiini chake ni njaa, kaya iliyobanwa ikimtoa asiyezalisha. Huenda. Lakini njaa peke yake haimtaji mtu. Inamtaja pale watu wanapokuwa wamekwisha kukubaliana kwamba kila baya lina aliyelituma, na kwamba wingu lililopita bila kunyesha lilizuiwa na mkono fulani. Radi nayo husemwa hivyohivyo. Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe mkoani Geita, wakiwa shuleni. Katika msiba wa namna ile, kumweleza mzazi kuhusu chaji za umeme ndani ya wingu ni kumpa jibu baridi. Ila jibu hilo baridi haliendi kugonga mlango wa bibi wa jirani usiku.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuipenda ile lugha kavu ya wastani na juu ya wastani. Ni lugha ya mvua isiyo na mwenyewe. Hakuna wa kumng'oa, hakuna wa kumchoma.

Hatari yake ni kwamba ikishasemwa hivyo, kila mtu anajificha nyuma yake. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe ilipiga Mwakata, wilayani Kahama. Wingu la aina ile linakua hadi kupita mbali kimo cha kilomita tano, ambapo kwetu maji huganda. Hewa inayopanda ina nguvu ya kuirusha punje ya barafu juu, ikanenepa, ikashuka, ikarushwa tena, mpaka uzito ushinde. Watu zaidi ya 40 walikufa. Barafu ilitoka mawinguni, lakini wengi waliuawa na kuta: nyumba za matofali ya tope zilizolowa zikawaangukia waliolala ndani. Rais Kikwete alifika, misaada ikaja, tukaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Kuta za tope si wingu.

Miti nayo ina historia yenye majina. Miongo ya kati ya karne iliyopita mapori ya Shinyanga yalifyekwa kwa makusudi ili kuwaua mbung'o, kazi iliyosimamiwa na serikali ya kikoloni ambayo kituo chake kikuu cha utafiti wa mbung'o kilikuwa hapahapa Shinyanga. Pamba na ng'ombe vikamalizia kilichobaki, hadi mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga wakati wa mvua ili yawafae ng'ombe kiangazi. Miti ikarudi kwenye maelfu na maelfu ya hekta. Sipendi wanapoambiwa watoto wa shule kwamba wakipanda miti mvua itakuja. Msitu wa ukubwa wa Kongo hutengeneza mvua, kweli. Ngitili ya hekta kumi nyuma ya nyumba haimpi mwewe wala wingu taabu yoyote. Inachofanya ni kuyashika maji yaliyokwisha kuanguka yasiende zake, na hilo linatosha kuwa sababu.

Halafu kuna mafuriko yasiyo na wingu kabisa. Tarehe 7 Novemba 2022, msimu ukiwa ndiyo kwanza unaanza, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani. Hakuna satelaiti ya hali ya hewa ambayo ingeliona likija.

Na yapo maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Kuanzia Geita, Nyarugusu, Kahama hadi Simiyu, maelfu ya vijana hushuka mashimoni kutafuta dhahabu, na mvua inapozidi udongo hulegea kutoka juu huku maji yakijaa kutoka chini. Januari 2024 watu 22 walifukiwa na kifusi Ng'alita, mkoani Simiyu, katika kipindi cha mvua kubwa, kwenye eneo ambalo uchimbaji ulikuwa umezuiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hizi hutoa maonyo ya siku tano kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Yanasambaa kwenye simu upesi, na nimeona kijana akilisoma angalizo la mvua kubwa ya ukanda wa ziwa, akalipeleka kwenye kundi la wenzake, akavaa tochi kichwani akashuka. Hakuwa mjinga. Mchimbaji wa duara halipwi kwa siku, analipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, na siku asiyoshuka hana mfuko. Anayeweza kusema leo hatushuki, kisha watu wake wakala jioni hiyo, ni mwenye duara, na jina lake limeandikwa kwenye leseni.